Jina la Mji wa Kinukimoja

Paukwa!

*Pakawa!*

Hee! Pakawa gani hiyo, ya watu waliolala na njaa? Na wali wangu mmeula mpaka ukoko! Rudieni. Paukwa!

*PAKAWA!*

Hivyo! Sasa nakaa. Na wewe Bi Zuhura, usijifiche mgongoni kwa watu, nimekuona. Bakuli langu la maua lina mwezi mzima kwako. Najua, najua, chombo cha jirani hakirudi kitupu, huenda bado unatafuta cha kutia. Haya, endelea kutafuta. Leo hadithi yenyewe ni ya vyombo.

Hapo zamani za kale, kale hasa, paliondokea mji mkubwa wa mawe na chokaa. Mji huo ukiitwa Kinukimoja. Na vinu vilikuwamo mia mbili na ushei! Asubuhi ukipita njia yoyote, ni twa! twa! twa! Ukikata kona, twa! twa! twa! Mgeni akiingia hushika kichwa. Vinu vyote hivyo, na mji unaitwa Kinukimoja. Watu wenyewe hawakujali. Mtu akizoea jina halisikii tena.

Mji ulikuwa na mitaa miwili tu. Mtaa wa Juu, mkubwa wao Mzee Mwinjaka, mrefu, mwenye sauti. Mtaa wa Chini, mkubwa wao Mzee Shomvi, mfupi, mwenye sauti zaidi. Na pale mitaa inapokutana palikuwa na kijumba cha udongo. Humo akikaa kikongwe mmoja, Bi Tunu.

Bi Tunu alikuwa msusi wa makawa na nyungo. Meno hakuwa nayo hata moja, lakini tambuu hakuiacha. Alikuwa na kinu kidogo cheusi, cha kuingia kiganjani, akitwangia tambuu yake. Ko, ko, ko. Ukimsalimu, ko, ko, ko. Ukimuuliza jambo, ko, ko, ko kwanza, jibu baadaye. Watu wakasema, Bi Tunu akiacha kutwanga, ujue amekwisha kukata shauri.

Bi Tunu alikuwa na mjukuu, Mwanakheri. Mama yake binti wa Juu, baba yake mwana wa Chini. Ameposwa na kijana wa mji wa pili, mwendo wa siku mbili kwa miguu, jina lake Sadala. Na Mwanakheri alimpenda Sadala, alimpenda hasa, kwa sababu kijana yule alikuwa akianza kucheka kabla mzaha haujaisha.

Sasa sikilizeni desturi ya mji ule. Mwali wa Kinukimoja haolewi hivihivi. Mchele wa arusi yake lazima utwangwe na wanawake wa mitaa yote miwili, pamoja, katika kinu cha mji. Na wakitwanga huimba wimbo wao, wimbo wa tangu na tangu:

*Bibi, tuazime kinu,*
Twa!
*Tutwange, tule,*
Twa!
*Kesho tutarudisha,*
Twa! Twa!

Mchele usipotwangwa, hakuna arusi. Na kinu cha mji ndicho kipi? Ah, nani alikuwa akiuliza! Arusi hii walitumia cha Juu, arusi ile cha Chini, kilicho karibu ndicho. Wakala, wakashiba, wakalala.

Mpaka siku mshenga wa akina Sadala alipokuja kupanga siku ya arusi. Mshenga mtu wa adabu, bwana Mkufu. Akakaribishwa, akala. Akanawa mikono. Na mgeni akisha kushiba hutafuta neno jema la kusema. Akasema, "Mji wenu mzuri. Niambieni basi, kwa nini unaitwa Kinukimoja?"

Laiti angeuliza habari za mvua!

Mzee Mwinjaka akasema, "Kwa ajili ya kinu chetu sisi watu wa Juu."

Mzee Shomvi akasema, "Kwa ajili ya kinu chetu sisi watu wa Chini."

Wakasema kwa pamoja. Wakatazamana.

"Umesema chenu?"

"Na wewe umesema chenu?"

Basi, ndiyo hayo. Mzee Mwinjaka akamweleza mshenga kuwa bibi yao wa kwanza alivuka vilima saba na kinu kichwani, akakitua hapa, mji ukaanza. Mzee Shomvi akaguna. Akasema kinu kilikuja na maji ya mto, siku ya mafuriko, ndani yake kuku ameatamia, na babu yao wa Chini akakiopoa. Mshenga akaitika kote kuwili, "Naam, naam," akaaga mapema.

Juma la pili, bibi wa Juu alivuka vilima saba na kinu kichwani, na ndani ya kinu mna mtoto. Kuku wa Chini naye alikwisha kuangua, vifaranga kumi na wawili. Juma la tatu, ndani ya kinu cha Juu mna ng'ombe mzima! Na kuku wa Chini amekuwa mbuni! Jamani, mbuni aatamie ndani ya kinu? Uliza basi uone. Unaambiwa, "Wewe ulikuwapo?"

Maneno yalipokwisha, wakaingia katika ushahidi. Mzee Mwinjaka akakizika kinu chake katika samadi ya ng'ombe siku saba, kipate ukale. Kikapata ukale, na kikapata na harufu. Watu wa Juu walipita mbele yake wameshika pua huku wakikisifu. Mzee Shomvi akasikia. Akasema, samadi ni kazi ya watoto. Yeye akaleta mchwa, akawaweka katika mdomo wa kinu chake wakitafune kidogo tu, kionekane mzee. Lakini mchwa haambiwi basi akasikia. Wakatafuna mdomo, wakashuka, wakahamia kitandani. Usiku Mzee Shomvi anageuka ubavu, kwacha! Yuko chini na kitanda juu yake.

Nani huyo anacheka? Nyie mnacheka. Mwanakheri hakucheka.

Kwa sababu mchele wake ulikuwa hautwangwi. Siku ya arusi ilipangwa, akatiwa hina mikono na miguu, ikakolea vizuri. Wanawake wa Juu wakasema, "Tunatwanga katika kinu cha Juu." Wanawake wa Chini wakasema, "Tunatwanga katika kinu cha Chini." Mama yake Mwanakheri akakaa upande wa ndugu zake. Shangazi zake wakakaa upande wao. Siku ikapita. Hina ikafifia, ikawa kama maji ya chai.

Ikapangwa siku ya pili. Akatiwa hina ya pili. Michi ikabebwa, matusi yakabebwa, mpunga ukabaki ndani ya magunia. Hina ya pili ikafifia.

Bwana Mkufu akaja tena. Safari hii hakukaa. Alisimama mlangoni akasema, "Wazee wenzangu, mimi ni mtumwa tu wa maneno ya watu. Wakubwa wa Sadala wanasema, mwali anatiwa hina mara moja. Tumevumilia ya pili. Tutangoja ya tatu. Ya tatu ikififia, hatuna kisirani, lakini tutabisha hodi kwingine."

"Na Sadala mwenyewe anasemaje?" Mwanakheri akauliza kutoka nyuma ya pazia. Alijisahau kabisa. Mwali hasemi na mshenga!

Bwana Mkufu akatazama chini. "Sadala hasemi kitu siku hizi. Wala hacheki."

Mwanakheri akatiwa hina ya tatu. Siku ya kwanza nyekundu. Siku ya tatu nyekundu. Siku ya sita akaitazama mikono yake akaona kwenye ncha za vidole imeanza kwenda zake. Akatoka mbio bila kanga ya kichwa, mpaka kwa bibi yake.

"Bibi, shikamoo. Bibi, nakufa."

Ko, ko, ko. "Marahaba, mke mwenzangu. Wanaokufa hawakimbii hivyo. Kaa."

"Tazama mikono yangu! Bado siku tatu, nne. Watamtafutia mwingine. Na yeye atanisahau. Na kama hatanisahau ndiyo mbaya zaidi!" Akalia. Akalia kilio cha kweli, kile cha makamasi.

Bi Tunu akamtazama. Ko, ko. Ko. Akaacha kutwanga.

"Nenda kawaambie wazee," akasema, "kesho asubuhi waje barazani na vinu vyao. Waambie Bi Tunu anataka kujua, kinu kilichoupa mji huu jina ni kipi. Aliye nacho asikose kuja. Asiye nacho alale kwake."

Eti alale kwake! Nani alale? Alfajiri baraza limejaa. Kinu cha Juu kimebebwa na vijana wanne, wamefunga pua kwa vitambaa. Kinu cha Chini kimekalishwa juu ya mkeka, mchwa wawili watatu wakitembea ukingoni. Mwanakheri amesimama nyuma ya mama yake, mikono ameificha ndani ya kanga, asiione.

Bi Tunu akaja na mkongojo wake. Akakizunguka kinu cha Juu. Akapiga chafya. Akakizunguka kinu cha Chini. Akajikuna.

"Mzee Mwinjaka, ndicho hiki?"

"Ndicho!"

"Kilichoupa mji jina?"

"Kwa kaburi la babu yangu, ndicho!"

"Mzee Shomvi?"

"Ndicho changu! Kwa kaburi la babu yangu na la baba yake babu yangu!"

"Mmesikia, enyi watu?"

"Tumesikia!"

"Alhamdulillahi," akasema Bi Tunu, akakaa kitako. "Nashukuru sikufa jana."

Watu wakatazamana. Mzee Mwinjaka akakohoa. "Unashukuru nini, Bi Tunu?"

"Sikilizeni. Mimi nimesikia kwa bibi yangu, naye kwa bibi yake. Hapa hapakuwa na Juu wala Chini. Palikuwa na kibanda kimoja, na kikongwe mmoja, na kinu kimoja. Kikongwe huyo ndiye mzee wangu mimi. Wakaja wasafiri, jamaa wa nyumba mbili, na magunia ya mpunga. Kinu hawana. Na mpunga na maganda yake anakula nani? Kuku! Wakabisha hodi kwa yule kikongwe, wakasema, *Bibi, tuazime kinu, tutwange, tule*..."

Wanawake wote pale barazani, wa Juu na wa Chini, midomo ikawatoka yenyewe: "*Kesho tutarudisha!*"

Mmoja akajiziba mdomo kwa kanga. Mwingine akasema polepole, "Yarabi, kumbe."

"Mimi nimesema?" akauliza Bi Tunu. "Mmesema wenyewe. Mnaimba tangu mko migongoni mwa mama zenu. Basi, wazee hawa wawili wameapa kwa makaburi, na mimi ni nani nibishane na kaburi? Kama ndicho, kinu ni cha wazee wangu, kiliazimwa. Sasa niambieni adabu yetu. Chombo cha watu kinarudije?"

Watoto wakaitika wa kwanza: "Hakirudi kitupu!"

"Hakirudi kitupu. Nikikuazima leo, kesho unanirudishia kimejaa. Na kilichokaa mwaka? Na kilichokaa tangu bibi yake bibi yangu?"

Watu wakaanza kupiga hesabu kwa vidole. Vidole vya mikono vikaisha. Wakavua viatu.

Mzee Mwinjaka akakitazama kinu chake. Akayaona magunia ya mpunga katika ghala lake yakitoka mlangoni moja moja. Jasho likamtoka, akajipangusa. Akasema, na sauti yote imekwisha, "Ngoja kidogo, Bi Tunu. Unajua, mtu akikasirika husema mengi. Kinu hiki nimekichongesha mwaka juzi."

"Mwaka juzi! Na ukale huu?"

"Samadi," akasema Mzee Mwinjaka.

"Ati?"

"SAMADI!"

Fundi seremala akasimama nyuma kule. "Ni kweli, kazi ya mikono yangu. Nikashangaa kukiona kimezeeka kuliko mimi."

Watu kwa vicheko! Mzee Shomvi akadhani sasa amebaki peke yake na kinu, na ghala lake halikuwa dogo. Akaruka. "Changu kipya kuliko chake! Changu cha mwaka jana! Mchwa nimewatafuta mwenyewe, muulizeni mke wangu, amelala sakafuni!"

"Changu kipya zaidi, mti wake mbichi mpaka leo!"

"Changu kina utomvu!"

"Changu hakijatwangiwa hata bizari!"

Asubuhi walikuwa wakigombea ukale. Jua halijapanda wanagombea upya! Bi Tunu akawaacha, akawaacha, mpaka pumzi zikawaishia.

"Kwa hiyo cha mji si hiki?"

"Si hiki!"

"Wala hiki?"

"Hasha!"

"Basi hamna hata mmoja mwenye haki ya kumzuia mwenzake. Jina ni la mji. Vinu ni vya kutwangia." Akageuka. "Enyi wanawake, michi mnayo? Mtoto huyu anaficha mikono ndani ya kanga tangu asubuhi. Mwanakheri, toa mikono."

Mwanakheri akaitoa. Hina imebaki kwenye viganja tu. Wanawake wakaiona, na haya ikawashika. Mama yake akawa wa kwanza kujifunga kibwebwe. Wakaviviringisha vinu vyote viwili vikasimama pamoja, wakakiosha cha Juu mara saba, wakakikung'uta cha Chini. Wa Juu wakashika michi kwenye kinu cha Chini, wa Chini kwenye kinu cha Juu. Twa! Twa! Twa! Mpaka adhuhuri mchele mweupe pe!

Sadala, aliyekuwa njiani tayari kuja kuitazama hina mwenyewe, akafika siku ya pili, na hina bado ipo. Kidogo, lakini ipo. Alipomwona Mwanakheri na kusikia habari ya kitanda cha Mzee Shomvi, akaanza kucheka kabla haijafika *kwacha*.

Na jioni ya kumuaga mwali, Mwanakheri akaenda kumuaga bibi yake. Akakuta mlangoni pishi za mchele, kunde na choroko. Wazee wale wawili, kila mmoja kwa siri, ameleta, asije Bi Tunu akalikumbuka jambo tena.

"Bibi," akasema Mwanakheri, "nina swali. Watu wale hawakukirudisha kweli?"

Ko, ko, ko.

"Walikirudisha. Kesho yake asubuhi, kama walivyoahidi. Kimejaa mchele mpaka ukingoni."

"Bibi! Na wewe umesema..."

"Nimesema waliazima. Nimesema adabu ni ipi. Nikasema *kama ndicho*. Hakikurudi, nani amesema? Vimesema vidole vyao." Akacheka kwa ufizi. "Kilirudi kimejaa. Yule kikongwe akaona haya, wageni wamempa mchele, naye akae kimya? Akakitia mihogo, akawapelekea. Wao wakaona haya, wakakirudisha na kunde. Yeye akakitia ndizi. Wakifunga mizigo waende zao, kinu kiko kwao, na mtu haondoki na chombo cha watu. Wakikirudisha, asubuhi kimekuja tena kimejaa. Wakasema, tungoje mavuno. Wakajenga banda la kungojea. Banda likawa nyumba. Nyumba zikawa mji. Ndiyo maana ya Kinukimoja, mwanangu. Hawakupata nafasi ya kuondoka."

Mwanakheri akauliza, "Na chenyewe kiko wapi?"

Ko, ko, ko.

Ko.

Mwanakheri akakitazama kile kinu kidogo cheusi kiganjani mwa bibi yake. Tangu utoto alikuwa akitumwa kukiosha, akinung'unika.

"Kilitoboka kwa kutwangiwa na watu wengi," akasema Bi Tunu. "Kikabaki kitako. Babu yako akanichongea hiki kwa kitako hicho." Akakijaza tambuu na karafuu, akakiweka katika mikono yenye hina. "Shika."

"Bibi, unanipa?"

"Nikupe, mimi mwehu? Nitatwangia wapi? Nakuazima."

Mwanakheri akamwelewa. Akamkumbatia, akalia, akacheka, akaenda kwa mumewe na kinu kifuani.

Ulipita mwaka. Bi Tunu akawa anatafuna tambuu ngumu kwa ufizi na kulalamika mji mzima. Kisha asubuhi moja akasikia, "Hodi!" Mwanakheri huyo mlangoni, mavumbi ya siku mbili miguuni, Sadala nyuma na mzigo. Mkononi kinu cheusi, kimejaa tambuu. Na mgongoni mtoto mchanga, amelala, mdomo wazi.

Bi Tunu hakupokea kinu. Alinyoosha mikono akamchukua mtoto.

"Ehee," akasema. "Sasa hiki kimerudi kimejaa."

Basi, wanangu, mtu akikuazima, hajakupa chombo tu, amekupa njia ya kurudi kwake. Usirudishe, umeikata. Ukirudisha kitupu, umeizika. Na anayetaka kujua nani mwenye mji, aangalie chombo cha nani kiko kwa nani.

Hadithi yangu imefika kwenye kitako cha kinu, hapana tena cha kutwanga. Inukeni, kila mtu kwake. Isipokuwa wewe, Bi Zuhura. Wewe tunaongozana mpaka kwako. Nasikia leo umepika mkate wa sinia.